Ziwa la Kabaka, Lubiri, Kasubi au Munyonyo: nusu siku Kampala uitumie wapi?

Sisi watu wa Mwanza tunaokwenda Kampala kwa basi hupita jirani kabisa na Ziwa la Kabaka bila kujua. Basi likishavuka mpaka wa Mutukula, likaiacha Masaka na ile alama ya Ikweta pale Kayabwe, huingia mjini kwa barabara ya Masaka: Busega, Nateete, kisha Ndeeba. Ndeeba utaijua kwa mbao zilizoegeshwa kando ya barabara na mlio wa misumeno tangu asubuhi. Ziwa liko nyuma ya zogo hilo, kati ya Ndeeba na kilima cha Mengo. Mimi nimepita hapo miaka mingi, safari za harusi na misiba ya ukoo, kabla sijashuka siku moja kwenda kulitazama.

Tangu siku hiyo kila ndugu anayekwenda Kampala huniuliza: nina nusu siku tu, nikaone nini? Wengi wanakuwa wameshasikia habari za ziwa lililochimbwa kwa mikono kwa amri ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na wanataka kulijua. Huwa sijibu haraka. Ziwa hilo lina wenzake watatu ambao kisa chao ni kimoja, na ukikosea kuchagua utarudi nyumbani ukisema umeona maji tu.

Kisa chenyewe, kabla ya kupanda boda

Mwanga wa Pili alirithi kiti cha Buganda mwaka 1884, baba yake Mutesa wa Kwanza alipofariki. Alikuwa kijana wa miaka 16 hivi. Ikulu yake aliijenga juu ya kilima cha Mengo mwaka 1885, na mwaka huohuo akaamuru kazi ya ziwa ianze bondeni. Hakutaka bwawa la kupunga upepo tu. Alitaka mfereji utoke chini ya Mengo mpaka Nalubaale, ndivyo Waganda wanavyoliita Ziwa Victoria, ili Kabaka apande mtumbwi karibu na mlango wake na kutokea Munyonyo, ambako alikuwa na makao mengine kando ya maji. Enzi hizo Buganda ilikuwa na jeshi kubwa la mitumbwi. Adui akija kwa nchi kavu, mfalme mwenye njia ya maji ana pa kutokea.

Na maadui alikuwa akiwaona kila upande. Wamisionari wa Kiingereza na wa Kifaransa walikuwa wameshajenga vilimani, Waarabu na Waswahili wafanyabiashara waliotoka Tabora na pwani walikuwa na sauti kubwa barazani, na habari za Wajerumani kuingia pwani zilikuwa zimeshafika. Oktoba 1885 askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga, kwa sababu alikuja kwa njia ya mashariki. Mwaka uliofuata wakauawa mashahidi wa Uganda, Wakatoliki na Waanglikana. Miaka yote hiyo majembe yalikuwa yakishuka bondeni Mengo. Huwezi kulitenga ziwa na damu ile, kwa kuwa hofu iliyoua watu ndiyo iliyochimba.

Kazi ilifanywa kwa majembe na mikono, na haikuwa ya hiari. Watu wa kawaida waliitwa, na machifu wakubwa nao wakashushwa shimoni kuchimba mbele ya watu wao. Waliochelewa walitozwa faini. Kwa Buganda, ambako heshima ya chifu ni jambo zito, hilo lilikuwa tusi. Manung'uniko yakaota mizizi. Septemba 1888, vijana wa ikulu wenye bunduki, Wakristo na Waislamu, walipobaini kwamba Mwanga alikusudia kuwapeleka kisiwani na kuwatelekeza huko, waligoma kupanda mitumbwi, wakaungana na kumwondoa kitini.

Hapa ndipo kisa kinapogusa kwetu. Mfereji haukuwahi kufika Nalubaale, ila Mwanga mwenyewe alifika. Alivuka kwa mtumbwi mpaka upande wa kusini, kwanza Magu kwa Waarabu, kisha Bukumbi, kwenye misheni ya mapadri wa Kifaransa, pale pale ambapo leo mtu wa Mwanza anaweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Alirudi kitini baada ya vita vya ndugu kwa ndugu, akaasi dhidi ya Waingereza mwaka 1897, akakamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli. Alifia huko mwaka 1903. Mwaka 1910 mabaki yake yaliletwa nyumbani na kuzikwa Kasubi.

Kwa hiyo ukitazama vizuri, sehemu hizi nne ni maisha ya mtu mmoja: Lubiri, yaani ikulu ya Mengo, alikokaa, ziwa alilochimbisha, Munyonyo alikotaka kufika, Kasubi alikolala.

Ziwa: utakachokiona na utakachokikosa

Niseme wazi. Ziwa la Kabaka halijisimulii. Usitarajie jumba la makumbusho, wala mtu wa kukukaribisha na kukueleza mwanzo hadi mwisho. Utakuta maji makubwa ya kijani yaliyotulia, miti, nyasi, njia za udongo, na mji uliolizunguka na kulisogelea karibu kuliko inavyopendeza. Mvua ikinyesha, takataka za mitaa ya juu huteremka nayo. Mara ya kwanza nilikwenda saa saba mchana, jua la utosi, bila kujua lolote zaidi ya jina. Nilikaa dakika ishirini nikaondoka nikiwa na huzuni, nikiona chupa za plastiki ukingoni na kujiuliza kama ndicho nilichokifuata.

Mara ya pili nilikwenda saa kumi na moja jioni, kisa chote kikiwa kichwani. Yangeyange walikuwa wanarudi. Walikuja kwa mafungu madogo, watano, wanane, wakipita chini juu ya maji hata kivuli chao kikawa kinakimbia nao, kisha wakainuka ghafla na kutua mitini. Kila fungu jipya lilipofika, waliokwishatua walipiga kelele na kusogeleana, na tawi likainama. Baada ya nusu saa miti ilikuwa imegeuka myeupe. Mnandi mmoja alisimama juu ya gogo akiwa ametandaza mabawa kama mtu anayeanika kanzu. Mzee aliyekuwa amekaa jirani alinisalimu kwa Kiganda, nikaitikia kwa maneno machache niliyonayo, akanyoosha fimbo kuelekea kusini akasema: "Munyonyo." Hakuongeza neno. Nikatazama upande ule, vilima na paa za mabati mpaka macho yanapokoma, na ndipo nikaelewa ukubwa wa kile kilichokuwa kimeamriwa. Kutoka pale mpaka Munyonyo ni kilomita 10 hivi, na katikati ni vilima na vinamasi. Kwa majembe.

Sehemu nyingine yoyote ya Kampala haijanipa hisia hiyo. Ila ilinibidi nije nayo nusu mwenyewe. Ziwa likanipa nusu ya pili.

Usiogelee, hata kama utaona vijana wamejitosa. Maji yale hupokea mifereji ya mitaa, na kina chake hakionekani kwa macho. Mwenye watoto wadogo awashike mkono muda wote. Viatu vya ngozi viache nyumbani msimu wa mvua, yaani Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba, maana udongo wa Kampala ni mwekundu na unanata. Na mkoba usiuning'inize ovyo ukipita vichochoro vya Ndeeba. Ni tahadhari ileile ya Kariakoo au Gikomba.

Lubiri ndiye mshindani wa karibu

Ukinilazimisha nichague moja tu kwa mgeni wa mara ya kwanza, nitasema Lubiri ya Mengo. Kule kuna watu wa ufalme wanaotembeza wageni, na wengi wao wanasimulia kwa moyo, kama watu wanaoeleza habari za nyumbani kwao. Jumba la Twekobe, lililojengwa mwaka 1922, utaliona kwa nje tu, ndani hakuingiwi. Lakini Lubiri ina mambo mawili ambayo ziwa halina.

Kwanza ni barabara ya Kabakanjagala, iliyonyooka kutoka lango la ikulu mpaka Bulange, jengo la bunge la Buganda. Jina lake maana yake ni "Kabaka ananipenda". Kandoni kuna alama za koo za Buganda, na katikati yake kuna mzunguko wa magari ambao watu wote huuzunguka, isipokuwa Kabaka, ambaye hufunguliwa lango akapita katikati moja kwa moja. Mtoto wa shule ukimwonyesha lango lile ataelewa ufalme ni nini kuliko ukimsomea kurasa kumi.

Pili ni mateso. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya Milton Obote, mkuu wa serikali, chini ya Idi Amin, yaliivamia ikulu hii. Mutesa wa Pili, aliyekuwa Kabaka na pia rais wa kwanza wa Uganda, aliruka ukuta akatoroka, akafia uhamishoni London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zikafutwa, na Lubiri ikawa kambi ya jeshi. Ndani ya uwanja wake kuna handaki la zege lenye vyumba vilivyotazamana na ushoroba, na watu walifungiwa humo wakati wa Amin wakafa. Kuta zina maandishi na alama za mikono. Kuna ubaridi fulani mle ndani, na harufu ya zege lenye unyevu, na mwongozaji anaposhusha sauti kila mtu anashusha. Ufalme ulirudishwa mwaka 1993, alipotawazwa Ronald Muwenda Mutebi wa Pili, mtoto wa yule aliyeruka ukuta.

Mwenye moyo mwepesi, au aliyetoka msibani karibuni, asiingie handakini. Akae nje kivulini awasubiri wenzake. Watoto wa chini ya miaka kumi pia singewaingiza.

Lubiri na ziwa zimekaribiana kiasi kwamba mtu mwenye miguu mizima anaweza kutoka ikulu akateremka bondeni kwa mguu, akamwuliza njia yeyote atakayemkuta. Ndiyo maana huwa nasema wala si lazima kuchagua kati ya hizi mbili. Anza Lubiri saa nane mchana, usikilize, kisha teremka ziwani saa kumi na nusu ukiwa tayari na kisa. Ukifanya kinyume, uanze na ziwa, utaona maji.

Kasubi, ikiwa unataka roho ya Buganda

Kasubi ni kitu kingine kabisa. Ni kaburi. Mutesa wa Kwanza alijenga ikulu pale mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 ikageuka makaburi ya wafalme. Wamelala wanne: Mutesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ni msonge wenye kipenyo cha mita 31, umeezekwa kwa nyasi, na ndani paa limeshikwa na pete 52 kwa hesabu ya koo za Buganda. Pazia la nguo ya gome la mti, lubugo, hutenga sehemu ya wageni na ile ya wafalme, nayo huitwa msitu.

UNESCO iliiweka Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza, na Waganda walilia kama waliofiwa. Iliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka huohuo, ikaondolewa mwaka 2023 baada ya kazi ndefu ya kuijenga upya kwa ufundi wa jadi. Kuna koo zenye haki ya kuezeka na watu wenye wajibu wa kulinda, na mambo hayo hayaharakishwi. Kabla ya kwenda uliza mwenyeji kama ndani kunaingilika siku hiyo.

Kasubi inadai adabu. Mwanamke avae gauni refu au ajifunge kanga juu ya suruali. Wa kwetu hilo si tatizo, kanga ziko mkobani siku zote. Viatu vinavuliwa, watu wanakaa mkekani, na picha hazipigwi mpaka umeruhusiwa. Wanaotunza makaburi ni akina mama wazee wenye nasaba na wafalme, wapigie goti au inama uwasalimu vizuri. Dada yangu mdogo alifanya hivyo, akashikwa mkono na kukalishwa karibu, akahadithiwa mambo ambayo sisi wanaume tuliosimama mlangoni hatukuyasikia.

Ikiwa unataka kuelewa kwa nini Mganda anamwita Kabaka "Ssaabasajja", mkuu wa wanaume wote, kwa sauti ile, nenda Kasubi na uache mengine yote. Ikiwa unataka kupumzika, usiende.

Munyonyo, kwa wanaotaka maji yenyewe

Munyonyo iko kusini, kando ya Nalubaale. Kuna hoteli kubwa za mikutano, kuna mwalo wa Kabaka uitwao Mulungu, na kuna kituo cha hija cha mashahidi. Hapa ndipo Mwanga alipotoa hukumu Mei 1886, na tarehe 26 Denis Ssebuggwawo, Andrea Kaggwa na Ponsiano Ngondwe wakauawa. Wengine wengi walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni. Msafiri Mkatoliki kwa kawaida anaijua Namugongo. Munyonyo huisahau, na hilo hunisikitisha, kwa sababu ndipo jambo lilipoanzia, na ni patulivu zaidi.

Kwa mtu wa Mwanza, Bukoba au Kisumu, ziwa la Munyonyo ni ziwa lake mwenyewe. Sioni sababu ya kusafiri siku nzima kwenda kutazama maji ambayo yako nyuma ya nyumba yako. Lakini anayetoka Dodoma, Nairobi au Arusha na ana watoto waliochoka na makaburi na mahandaki, Munyonyo ni jibu zuri: kuna nafasi ya kukimbia, kuna boti za kukodi, na jirani pale Ggaba kuna soko la samaki ambako sato hukaangwa mbele yako. Ukipanda boti dai jaketi la kuokolea maisha, na kama halipo usipande, hata bei ishuke vipi.

Mfuko, usafiri na lugha

Kwa fedha, ziwa ndilo nafuu kuliko yote. Lubiri na Kasubi unalipa kiingilio, na viwango hutofautiana kati ya mwenyeji na mgeni, kwa hiyo uliza mapema mtu wa Afrika Mashariki analipa kiasi gani na uwe na kitambulisho au pasipoti. Wengi hawaulizi, wakatozwa kama Wazungu. Munyonyo ndiyo itakayokula fedha, kuanzia nauli mpaka chakula, na foleni ya magari jioni haina huruma.

Ukisema "teksi" Kampala utaletewa basi dogo la abiria, yaani daladala au matatu, si gari la kukodi. Boda ni nyingi; patana bei kabla hujakaa. Mwambie dereva "Ennyanja ya Kabaka", atakuelewa haraka kuliko ukimtajia jina la mtaa. Na usishangae Kiswahili chako kikajibiwa kwa Kiganda au Kiingereza. Kwa watu wazima wa Kampala Kiswahili kina kumbukumbu ya askari na vizuizi vya barabarani, si ya tarabu na mashairi kama kwetu. Salimu kwanza: "ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke, kisha "webale" ukishukuru. Milango itafunguka, na baada ya hapo ndipo utakuta nusu yao wanakijua Kiswahili vizuri tu.

Ningekuwa wewe

Una nusu siku, wewe ni mtu mzima unayependa historia: Lubiri na ziwa, kwa mpangilio niliosema. Ukipewa siku nzima, ongeza Kasubi asubuhi, ukamzuru Mwanga alikolala kabla ya kuona alichokiacha. Umefuatana na bibi au mzee asiyeweza vilima: Kasubi, kwa gari hadi langoni, maana atakaa mkekani na kusikilizwa. Una watoto wa chekechea: Munyonyo, bila kusita. Huna fedha kabisa, unangoja basi la usiku: ziwa, jioni, na usome kisa chake kwenye simu ukiwa njiani.

Na kama unaingia kwa basi la Mutukula asubuhi na mzigo wako ni mwepesi, huna haja ya kwenda mpaka katikati ya mji halafu urudi. Mwombe kondakta akushushe Ndeeba. Kunywa chai na chapati ya mayai ya kukunja pale barabarani, ulizia njia ya kwenda Mengo, na uwe langoni mwa Lubiri kabla jua halijawa kali. Ukiteremka ziwani baada ya hapo, yangeyange watakuwa wameshatawanyika kwenda kutafuta riziki, utawakosa, lakini utayapata maji yakiwa yametulia na kilima cha Mengo kimesimama juu yake.